Mlio

Baba aliniuliza jambo moja tu:
"Mtambo ulikuwa unaliaje?"

Hakuuliza baridi ya Polandi,
wala kama nilikuwa nakula nikashiba,
wala ile shahada itatuletea nini.
Alikaa barazani kwetu Katubuka,
kandambili zimelika upande mmoja,
akanigeuzia sikio la kulia,
maana la kushoto alilizika zamani
kwenye jenereta namba tatu.

Miaka ishirini na sita alizilisha dizeli
mashine zilizoiwashia Kigoma taa kwa zamu:
leo Mwanga kuna mwanga,
kesho Ujiji,
keshokutwa giza kote, na matusi kwa fundi Bukuru.
Alirudi nyumbani ananuka mafuta,
mama akawa anasema ameolewa na kibatari.
Kisha gridi ikafika na nguzo zake ndefu.
Mashine zikanyamaza,
naye akanyamaza nazo.

Basi nikamsimulia.
Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane, kofia ngumu za njano,
viatu vyenye chuma mbele, vyangu vimenizidi namba mbili.
Bwana mmoja, Bogdan, alitutangulia
akitembea kama mwenye nyumba.
Mnara wa kupozea maji ulipumua mvuke mweupe,
na theluji chini yake, karibu na uzio,
ilikuwa na rangi ya jivu la jiko la mama asubuhi.
Makaa ya mawe yalikuja juu ya mkanda
mrefu kama kutoka hapa mpaka stesheni.
Hayanuki kuni, baba. Yananuka
chumba kilichofungwa tangu masika.
Bogdan akafungua kidirisha cha tanuri:
moto usio na ndimi,
mweupe tu, kama kitu kisichotaka kutazamwa.

Nikamtolea kipande nilichokificha mfukoni.
Akakigonga kwa ukucha, akanirudishia.

"Moto nimeuona mwingi," akasema. "Mlio."

Sikuwa na jibu.
Darasani tulipewa megawati, tani kwa saa,
gramu za kaboni kwa kila uniti.
Mtihani nilipata themanini na moja,
na hakuna swali lililouliza mlio.

Tuliziba masikio, baba.
Kulikuwa na kisanduku kando ya mlango,
vizibo vya rangi ya chungwa, vimejaa
kama peremende za dukani.
Unachukua, unaingia.

"Bure?"
Bure.
"Kila fundi?"
Hata wageni.

Akatazama barabarani kwa muda.
Muuza mawese akapita na madumu yake,
akasalimia, hakuitikiwa.

Nikakumbuka simu. Nilirekodi sekunde arobaini
ndani ya ukumbi wa tabo, mkono ukitetemeka.
Hakuiweka sikioni. Aliilaza
kwenye mfupa wa taya, akafumba macho,
kidole kikihesabu juu ya goti.
"Mizunguko elfu tatu kwa dakika," akasema.
Sikuwa nimemwambia.
"Huyu hakohoi. Wangu walikuwa wanakohoa."
Akairudisha mwanzo. Akasikiliza tena.
"Kuna beringi inaanza kuchoka. Upande wa mbali."

Vizibo vyangu nilikuwa navyo kwenye begi,
jozi ile ile, bado na vumbi jeusi.
Sijui kwa nini nilimpa.
Alivifinya, akavinusa, kimoja akakirusha mapajani mwangu,
kingine akakisokota polepole
ndani ya sikio lililobaki.

Nikamwita. Hakusikia.
Nikasema mambo ambayo
nisingeyasema kama angesikia:
kwamba ada yangu aliilipa kwa lile la kushoto.
Aliendelea kutazama nguzo ya mbele ya nyumba,
na taa yake ilipowaka,
kimya, bila mtu kuihangaikia,
aliruka kidogo kama aliyeguswa.

Halafu akaniinamia, na kwa kuwa hakujisikia,
alipiga kelele mpaka jirani akafungua dirisha:
"MWANDIKIE YULE BWANA! MWAMBIE, BERINGI!"